Naomba Mikono

1

"Naomba mikono," alisema Dk. Sekela Mwakitalu.

"Chukua, Mwalimu," alijibu kijana aliyekuwa Namanyere, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka chumba alimoketi mwalimu wake.

Sekela akakunja vidole hewani. Kule Namanyere, vidole vya yule kijana vikakunjika vilevile ndani ya glavu zake. Vikaishika sindano pale inapotakiwa kushikwa, vikapitisha uzi kwenye ngozi ya sponji, vikafunga fundo. Kisha Sekela akasema, "Narudisha," akalegeza mkono, na kijana akafunga fundo lililofuata mwenyewe. Akacheka kwa sauti, kama mtoto aliyegundua kwamba baiskeli imeachiwa na bado inakwenda.

Hivyo ndivyo wakunga walivyofundishwa Chuo Kikuu cha Nyanda tangu jukwaa la Kiganja lianze kutumika. Mihadhara na majaribio vilikuwa vimehamia mtandaoni miaka mingi nyuma. Kilichokuwa kikiwarudisha wanafunzi chuoni ni kazi ya mikono, maana hakuna aliyewahi kujifunza kushona jeraha kwa kusoma. Sasa hata hiyo ilipita mtandaoni. Ndani ya glavu za Kiganja mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizojikaza na kujilegeza kama misuli. Mwanafunzi akiruhusu, mwendo wa mkono wa mwalimu ulihamia kwenye mkono wake, na muuguzi ambaye zamani angelazimika kukiacha kituo bila mtu alisomea palepale alipofanyia kazi.

Sekela akahamia kwa mwanafunzi aliyefuata, Zabibu Ruhinda wa zahanati ya Kabwigwa, kando ya mto Malagarasi.

"Zabibu, fundo lako linalegea upande wa kulia. Naomba mikono."

"Hapana, Mwalimu. Niambie tu."

Sekela akashusha pumzi, akaanza kueleza kwa maneno. Alijua jibu lingekuwa hilo. Katika mwaka wa kwanza Zabibu alitoa mikono kama wenzake. Mwalimu mmoja, ambaye sasa alikwishahama chuo, akaishika kipindi kizima na hakumrudishia hata mara moja. "Nilipovua glavu nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi," Zabibu alimsimulia Sekela siku moja. "Mikono ilikaa tu, Mwalimu. Ilikuwa inamsubiri mtu." Tangu hapo hakumpa yeyote.

Kwa sababu hiyo alikuwa wa mwisho darasani. Fundo walilolipata wenzake kwa mchana mmoja, yeye lilimchukua wiki nzima na vidole vilivyochomekachomeka. Kuna siku Sekela alimkasirikia waziwazi. Lakini hakuwahi kumlazimisha, kwa sababu ya jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Wahitimu wa miaka ya karibuni, karibu wote, walifunga fundo huku wameinua kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sekela mwenyewe alikiinua kwa kuwa alikivunja utotoni na hakikuunga vizuri. Wao vidole vyao vilikuwa vizima.

Mkuu wa idara, Dk. Method Kihwele, hakuwa na wasiwasi wa namna hiyo. Alikuwa mmoja wa waliokibuni Kiganja, na ndiye aliyeshikilia kwamba chini ya meza ya kila mwalimu iwekwe pedali nyekundu. Ukiikanyaga, mikono ya mwanafunzi inakuwa yako bila kuomba. Mwongozo ulisema kwamba maisha ya mgonjwa yakiwa hatarini mwalimu atakanyaga. Haukusema anaweza kukanyaga. Dada yake Method alifariki akijifungua, mbele ya mhudumu ambaye alikisoma kitabu chote ila mikono yake ilikuwa haijawahi kufanya alichokisoma. Idara nzima ilijua hivyo, na hakuna aliyewahi kubishana naye kuhusu pedali.

2

Mtihani wa kuzalisha haupangiwi siku. Mama akifika kituoni na akakubali kutazamwa, mwanafunzi hupiga mwito kwenye jukwaa, na mwalimu wa zamu huingia kumtazama.

Mwito wa Zabibu uliingia Jumatano mchana, Sekela akiwa ameshika mkoba anatoka kwenda kula. Akaurudisha mkoba chini, akavaa glavu. Kwenye skrini kikatokea chumba cha kujifungulia cha Kabwigwa, kidogo na safi, dirisha limefunguliwa. Kitandani alikuwa Nyamizi, mama wa watoto wawili, tumbo kubwa kuliko alivyotarajia Sekela. Pembeni alisimama wifi yake, Kabula, mwanamke mnene aliyevaa khanga mbili na uso wa mtu asiyependa kuchezewa.

"Sista Konsolata yuko wapi?" Sekela aliuliza. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa Zabibu pale zahanati.

"Ametoka na gari la wagonjwa asubuhi, Mwalimu. Kuna mtoto ameshikwa na degedege, wamempeleka wilayani."

"Kwa hiyo uko peke yako?"

"Niko na wifi yake. Na wewe."

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama mtihani unavyotakiwa kwenda. Zabibu alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akayataja kwa sauti. Alimfuta Nyamizi jasho, akamwambia lini asukume na lini apumue. Hakuharakisha. Sekela aliweka alama zake moja moja kwenye skrini ya pembeni, akaanza kufikiria chakula.

Kichwa kikatoka. Halafu, badala ya mwili kufuata, kikarudi nyuma na mashavu yakabanwa pembeni, kama kobe anayejivuta gambani.

Sekela akasimama.

Bega la mbele lilikuwa limekwama nyuma ya mfupa wa kinena. Kichwa cha mtoto kiko nje na kifua kiko ndani, hawezi kuvuta pumzi, na kitovu kinachomlisha hewa kimebanwa. Zilikuwa zimebaki dakika chache, ambazo hata mama mwenyewe angeweza kuzihesabu.

"Bega, Mwalimu," Zabibu alisema.

"Ndiyo, ni bega. Usivute kichwa. Magoti juu."

"Mama, tunakunja miguu hadi kifuani. Wifi, shika goti hilo, vuta! Mama, shika hili mwenyewe." Wakavuta. "Wifi, sasa weka ngumi hapa juu ya mfupa. Si kwenye tumbo, hapa. Bonyeza kwenda chini."

Kabula akabonyeza kwa uzito wake wote. Nyamizi akasukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama. Kichwa hakikusogea. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi.

"Zabibu," Sekela alisema, "naomba mikono."

"Hapana, Mwalimu."

"Nimeshayatoa mabega ya namna hii mengi tu. Wewe hujatoa hata moja. Naomba mikono!"

"Niambie! Niambie nitafanya!"

Mlango wa chumba cha Sekela ukafunguliwa kwa kishindo. Kihwele alikuwa ameliona onyo kwenye skrini ya ofisini kwake. Akatazama mara moja, uso wake ukabadilika.

"Kanyaga," alisema.

Mguu wa Sekela ulikuwa tayari juu ya pedali. Lakini macho yake yalikuwa kwenye taa ndogo pembeni ya skrini, ile inayoonyesha hali ya mkondo wa mtandao. Ilikuwa ya njano. Ikiwa ya kijani, mguso hufika papo hapo. Ikiwa nyekundu, mfumo wenyewe hukataa kuhamisha mikono. Njano maana yake mguso unachelewa kidogo, kama mwangwi, na mwongozo ulisema hiyo inaruhusiwa. Kwenye sponji kuchelewa huko si kitu. Ndani ya mama, mkono wake ungesukuma kwanza na kuhisi baadaye, na kilichokuwa kinatafutwa mle ni kiwiko cha mtoto, chembamba kuliko kidole gumba. Tena mkondo ukikatika wakati mikono imeshikwa, glavu hujifunga kwa muda kabla ya kuachia. Waliobuni walikuwa wameuita huo usalama.

"Ni njano, Method."

"Njano inaruhusiwa! Sekela, kanyaga, mtoto anakufa!"

"Jamani!" ilikuwa sauti ya Nyamizi, kutoka kitandani. Sauti zao zote zilikuwa zikisikika kule chumbani. "Nani hao wanaogombana?"

"Ni mwalimu wangu, mama," Zabibu alisema. "Anataka aitumie mikono yangu kumtoa mtoto. Anajua kuliko mimi."

"Yuko hapa?"

"Hayuko. Yuko chuoni, mbali."

Nyamizi alihema, akaung'ang'ania mkono wa wifi yake. "Basi wewe uliye hapa ndiye ufanye. Fanya, mwanangu! Yeye akuelekeze."

"Ukishindwa wewe, nitakanyaga mimi," alisema Kihwele, akaivuta meza ya pili yenye pedali yake, akaanza kuiunganisha na jukwaa.

"Method, umemsikia mama."

"Mama ana uchungu, hajui anachosema!"

"Anajua kuliko sisi wote hapa," Sekela alisema, na akautoa mguu wake kwenye pedali. "Zabibu, nisikilize. Sichukui. Nataka nihisi tu. Geuza mkondo uje kwangu, nihisi unachokigusa. Sitasogeza kitu. Unaniruhusu?"

Zabibu hakufikiri hata kidogo. "Hisi, Mwalimu."

Glavu za Sekela zikapata joto. Kwa miaka yote aliyofundisha kupitia Kiganja hakuwahi kuugeuza mkondo kwa namna hiyo, maana mwanafunzi hakuwa na cha kumhisisha mwalimu. Sasa alihisi mkono mdogo kuliko wake, umetulia kuliko alivyodhani.

"Ingia kwa nyuma," alisema, "upande wa uti wa mgongo wa mama. Mbele hakuna nafasi. Kunja vidole kama unavaa bangili inayokubana. Sawa. Endelea. Hicho ni kifua. Fuata kifua, utafute mkono wa nyuma. Hapo ni bega. Shuka nalo. Shuka... hapo, kuna kitu kigumu, umekisikia? Sasa, kabla hujavuta—"

Skrini ikawa nyeusi. Katikati yake yakatokea maneno meupe: Mkondo umekatika.

3

Glavu za Sekela zilikuwa zimepoa, zimekuwa kitambaa tu.

Kihwele akaruka kwenye kibodi na kuanza kuita upya. Jukwaa likajibu kwamba linatafuta, linatafuta. Sekela alivua glavu kwa meno, akatoa simu yake ya kawaida mkobani, akapiga namba ya Zabibu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Hawezi kupokea," Kihwele alisema. "Mikono yake iko..." Hakumaliza.

Sekela alijua. Aliendelea kupiga kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Nje, chini ya dirisha, wanafunzi walikuwa wanapita wakibishana kuhusu mpira, na aliwachukia kwa jinsi walivyokuwa na raha. Alijaribu kukumbuka kama alikuwa amemwambia Zabibu ambonyeze mtoto ndani ya kiwiko. Hakukumbuka. Alikuwa amesema "kabla hujavuta." Kabla hujavuta nini? Alimwachia binti wa watu nusu ya sentensi, mkono ukiwa ndani ya mtu.

Simu ikapokelewa.

"Halo!" Ilikuwa sauti ya Kabula, kali kama ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Mtoto?" Sekela alisema. "Dada, mtoto vipi?"

"Subiri kwanza."

Ikasikika sauti ya simu kuwekwa juu ya kitu cha bati. Sauti ya Zabibu ikawa inahesabu polepole, mbali. Kihwele alikuwa amesogea karibu, kichwa chake karibu kigusane na cha Sekela.

Kukasikika kitu kama mlango unaohitaji mafuta. Kikasikika tena, kwa nguvu zaidi. Halafu kikawa kilio, kilio hasa, cha mtu mwenye hasira na dunia yote.

"Huyo hapo!" Kabula alipaza sauti simuni. "Mnamsikia? Dume! Ameanza kunikojolea hata sijamfunika, mshenzi huyu mdogo! Khanga yangu mpya!"

Akaanza kucheka, na nyuma yake Nyamizi naye akasikika anacheka na kulia kwa pamoja, akimtaja Mungu.

"Na mama?" aliuliza Sekela. "Damu? Muulize Zabibu kuhusu damu."

"Anasema damu ni ya kawaida, kondo limetoka lote. Anasema mkono wa mtoto unasogea, hakuuvunja. Anasema... Hasemi kitu tena. Amekaa chini, analia. Mwache kidogo, mwalimu. Amechoka mtoto wa watu."

Sekela aliposhusha simu alimkuta mkuu wake wa idara ameketi sakafuni, mgongo ukutani, tai imelegea, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Akakaa naye palepale chini. Waliketi hivyo, watu wazima wawili wenye shahada za uzamivu, mpaka mhudumu wa usafi alipochungulia akadhani wamefiwa.

"Hapana, dada," Sekela alimwambia. "Tumepata mtoto."

4

Kamati ya nidhamu iliketi wiki mbili baadaye. Furaha ilikuwa kitu kimoja na mwongozo ulikuwa kitu kingine. Mwalimu aliyetakiwa kukanyaga pedali hakukanyaga, na Kiganja kilikuwa na kumbukumbu ya kila sekunde hadi mkondo ulipokatika.

Mwenyekiti, profesa wa sheria mwenye sauti ya upole, aliitazama karatasi yake. "Dk. Mwakitalu, ulijua kwamba mkondo ungekatika?"

"Hapana, Profesa. Sikujua."

"Kwa hiyo hatuwezi kusema uliacha kukanyaga kwa sababu hiyo."

"Hatuwezi. Ningependa kusema hivyo, lakini ningekuwa naongopa."

"Na mtoto angefariki?"

Sekela alikuwa amejiuliza swali hilo kila siku. Alikuwa amekonda kwa ajili yake. "Ningekuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki, Profesa, na labda ningekuwa nasema nilikosea. Sijui. Ninachojua ni kwamba mikono ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisema hapana. Na mwili ule ulikuwa na mwenyewe, na naye alisema hapana. Ningekanyaga ningekuwa nimewapita wote wawili, nikitumia taa ya njano."

Ikafika zamu ya Kihwele. Sekela alitazama meza. Hawakuwa wamezungumzia jambo hilo tangu siku ile, na alikuwa na hakika kwamba mtu huyu, ambaye alimpoteza dada yake kwa kukosa mikono inayojua, angesema ukweli wake. Naye alisema.

"Nilimwamuru akanyage," alianza Kihwele. "Hata sasa, nikiwekwa pale tena, nafikiri ningemwamuru tena. Nimeijenga pedali ile ili asife mtu mwingine kama alivyokufa mtu wangu. Lakini nimerudia kumbukumbu za siku ile mara nyingi. Angenisikiliza, glavu zingejifunga zikiwa ndani ya yule mama. Dk. Mwakitalu anasema hakujua, na ni kweli. Mimi ndiye niliyetakiwa kujua, mimi ndiye niliyeweka kufuli lile. Kwa miaka yote hii tumewauliza wanafunzi kama wanatoa mikono. Haikunijia hata siku moja kumuuliza mama kama anaipokea."

Mwenyekiti akataka kusikia upande wa Kabwigwa. Simu ikapigwa, ikawekwa katikati ya meza. Nyamizi aliwasalimia wote kwa adabu, akauliza hali zao na za nyumbani kwao, akawajulisha kwamba mtoto ameitwa Ntemi, jina la babu yake, na anakula kama anadaiwa.

"Bi Nyamizi," mwenyekiti alisema, "siku ile, ulielewa kwamba kulikuwa na mwalimu mzoefu ambaye angeweza kukusaidia moja kwa moja?"

"Nilielewa, baba."

"Na bado ukachagua mwanafunzi?"

"Baba, nesi Zabibu alikuwa ananitazama usoni. Nikikunja uso anajua naumia wapi. Huyo mwingine sikumwona, na yeye alikuwa hanioni, alikuwa anaiona skrini. Sikumkataa kwa ubaya. Mtoto alikuwa tumboni mwangu, nanyi mlikuwa mnaulizana nyinyi kwa nyinyi. Nikaona niseme."

Wanakamati walitoka, wakakaa muda mrefu kuliko Sekela alivyoweza kuvumilia, wakarudi. Uamuzi ulikuwa onyo, kwa kuwa mwongozo ulikuwa umekiukwa na kamati haikuweza kujifanya haukukiukwa. Lakini mwongozo wenyewe ungebadilishwa. "Atakanyaga" ingefutwa. Mama angeulizwa mapema, kabla uchungu haujapamba moto, kama anakubali mikono ya aliye mbali. Akikataa, pedali haitafanya kazi. Nalo kufuli la glavu lingeondolewa. Kihwele alikuwa amekwishaanza kuliondoa bila kusubiri mtu.

Kwenye korido alimshika Sekela bega. "Onyo si kitu," alisema. "Mimi ninayo matatu."

Sekela akacheka, cheko la kwanza baada ya siku nyingi, akahisi njaa papo hapo, njaa ya kweli ya mtu mwenye afya.

5

Likabaki suala la mtihani. Kiganja kilikuwa kimeandika mbele ya jina la Zabibu: Haukukamilika. Mashine haikuwa imekiona kilichotokea baada ya skrini kuzima, na kwa jinsi ilivyoundwa, isichokiona haikitolei alama. Angetakiwa kusubiri mwaka mwingine.

Sekela aliomba ruhusa amtahini kwa mdomo, kama walivyofanya walimu wa zamani, na ruhusa ikatolewa. Siku hiyo Zabibu aliketi ofisini kwa Sista Konsolata, mbele ya kamera, mikono mitupu juu ya meza. Alikuwa amesuka nywele upya.

"Mkondo ulikatika nikiwa nimekwambia 'kabla hujavuta,'" Sekela alisema. "Anzia hapo."

Zabibu alikohoa. "Niliogopa, Mwalimu. Kwanza niseme hilo. Nilikuwa nimegusa kitu kigumu, na sikujua kama ni kiwiko au goti. Nikajiambia, goti haliwezi kuwa karibu na kifua namna hii. Nikakizunguka kwa kidole. Nikakumbuka ulitufundisha kwamba mkono ulionyooka ukiuvuta utauvunja. Kwa hiyo nikabonyeza ndani ya kiwiko, pale panapokunjika. Ukakunjika."

"Kisha?"

"Nikaupitisha juu ya kifua chake, hivi." Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka mezani, ukapita mbele ya kifua polepole, kama paka anayejisafisha uso. "Kiganja chake kikatoka kwanza. Kilikuwa kidogo, Mwalimu! Halafu mkono wote. Baada ya hapo bega likateleza lenyewe, hata sikuvuta. Nilimdaka tu."

"Hali yake?"

"Mweupe, amelegea. Nikakata kitovu, nikamkausha, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikachukua ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, kumpa pumzi."

"Pumzi ya kwanza, kifua kiliinuka?"

Zabibu alisita. Sekela alimwona akilitazama jibu rahisi, kisha akiliacha lipite.

"Hapana. Nilikuwa nimeilaza shingo vibaya, hewa haikupita. Nikaiweka sawa, nikajaribu tena. Ya pili ikainuka. Nikaendelea nikihesabu, mpaka akaanza kulia. Yaliyofuata mliyasikia."

Sekela aliandika kwa muda. Alitaka kuandika vitu vingi ambavyo havikuwa na nafasi kwenye skrini ya alama.

"Nimekukata alama mbili za shingo," alisema.

"Sawa, Mwalimu. Ni haki."

"Nyingine zote umepata. Umefaulu, Zabibu. Wewe ni mkunga."

Zabibu alifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili. Mabega yakaanza kutikisika, na Sekela hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko, na hakuona haja ya kujua. Aligeuza uso dirishani kwake apate kufuta machozi yake.

Ndipo ikasikika sauti kutoka nje ya ofisi, kule Kabwigwa. "Hodi! Hodi hapa! Nesi yupo?"

Zabibu akajifuta haraka kwa upande wa kiganja, akasimama. "Mwalimu, samahani sana. Nafikiri kuna mama amefika."

"Nenda. Nenda upesi."

"Nitakupigia baadaye."

"Si lazima," Sekela alisema, lakini kiti kilikuwa kimeshabaki kitupu.

Kwenye skrini palikuwa na ukuta tu, na mlango ulioachwa wazi nusu. Kupitia mlango huo ilisikika sauti ya Zabibu, imetulia, haina hata dalili kwamba alikuwa analia punde. "Karibu, mama. Shika mkono wangu, kuna kidaraja hapo. Uchungu umeanza lini?"

Sekela alisikiliza hadi yule mama alipoanza kujibu. Yaliyobaki yalikuwa yao wawili. Akaizima kamera, akachukua mkoba wake, akaenda kula.